Maswali ya Wasomaji: Ulimi Mzito Baada ya Kiharusi na Tiba ya Kichina

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana umri wa miaka 63. Miezi mitano iliyopita alipatwa na kiharusi, akalazwa, akaruhusiwa. Mkono umerudi kiasi, lakini ulimi umebaki mzito: akisema "sukari" inasikika "thukai", na jioni akichoka hatumwelewi kabisa. Jirani alitupeleka kwa tabibu wa Kichina, ambaye alimwambia baba atoe ulimi, akamshika mapigo ya mikono yote miwili, kisha akasema kwamba tatizo ni upepo na makohozi, na kwamba dawa atakayompa ni ya moyo na figo. Baba hana maradhi ya moyo wala ya figo, na vyeti vya vipimo tunavyo. Je, huyu tabibu anatudanganya? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Sidhani kwamba anawadanganya. Amewajibu kwa lugha ya elimu yake bila kuwafasiria. Katika tiba ya asili ya China, "moyo" si ile nyama tu ambayo hospitali huipima kwa mashine, bali ni jina la kundi la kazi za mwili, ikiwemo kazi ya kuhifadhi akili na utambuzi. Huangdi Neijing, kitabu cha msingi cha elimu hiyo ambacho kina umri wa takriban miaka 2,000, kinasema kwamba nguvu ya uhai ya moyo hufika kwenye ulimi, na ndiyo maana matabibu wa Kichina huuita ulimi chipukizi la moyo. Njia ya figo, yaani mapito ambayo wao husema nguvu hiyo huyafuata mwilini, nayo hupanda hadi kwenye shina la ulimi, na ile ya bandama hutawanyika chini yake. Kwa hiyo mtu anayeshindwa kutamka vizuri huulizwa habari za viungo hivyo vyote, hata kama vyeti vyake vya maabara ni safi.

Sasa tuje kwenye huo upepo. Kiharusi kwa Kichina huitwa zhongfeng, yaani kupigwa na upepo, na msomaji wa Tanga hatashangaa, kwani hata kwetu pwani mzee aliyeamka mdomo umekwenda upande huambiwa kwamba amepitiwa na upepo mbaya. Zhang Zhongjing, tabibu aliyeishi mpaka mwanzoni mwa karne ya 3, aliandika kwamba uovu huo ukishaingia katika viungo vya ndani ulimi hushindwa kusema na mate hutoka kinywani. Wakati huo ilidhaniwa kwamba upepo hutoka nje na kumpata mtu aliyedhoofika. Karne nyingi baadaye matabibu akina Liu Wansu na Zhu Danxi waliipinga rai hiyo, wakasema kwamba upepo huzaliwa ndani: mmoja aliulaumu moto wa mwili, mwingine aliyalaumu makohozi. Haya makohozi si yale ya kifua peke yake. Yako karibu zaidi na belghamu ya waganga wetu wa pwani, uzito unaonata na kuziba mapito. Upepo unapoyabeba makohozi hadi kwenye njia za ulimi, ulimi hukakamaa na maneno hukatika.

Ndiyo sababu baba aliambiwa atoe ulimi. Tabibu alikuwa anatazama kama ncha yake inakwenda upande, kama unatetemeka, kama una utando mzito wenye kunata (dalili ya makohozi), au kama rangi yake imekuwa ya zambarau na mishipa ya chini imevimba, jambo ambalo wao hulisoma kuwa ni damu iliyosimama. Daktari wa hospitali pia humwambia mgonjwa atoe ulimi, naye huangalia unapinda upande gani, ila yeye anatafuta mshipa wa fahamu uliodhurika.

Dawa hufuata usomaji huo. Mwenye upepo na makohozi huweza kupewa Jieyu Dan, jina lenye maana ya kidonge cha kufungua usemi, ambacho ndani yake kuna mizizi kadhaa pamoja na nge mzima aliyekaushwa. Aliyedhoofika figo, ambaye miguu imelegea na sauti imepotea, hupewa Dihuang Yinzi, dawa ya Liu Wansu ya karne ya 12. Bila shaka hiyo ndiyo "dawa ya figo" aliyoigusia tabibu wenu, au moja ya ndugu zake. Inayonivutia zaidi mimi ni ile ya tabibu Wang Qingren ya mwaka 1830. Yeye alisema kwamba nguvu ya mwili ina mafungu kumi, na mtu akipoteza matano, matano yaliyobaki hujikusanya upande mmoja na kuuacha mwingine umepooza, ulimi ukiwemo. Basi akaandika dawa yenye mzizi wa huangqi takriban gramu 120, ilhali vitu vingine sita vilivyomo, wakiwemo nyungunyungu, vikijumlishwa havifiki hata robo ya uzito huo. Hesabu yake ya mafungu kumi haina mashiko katika elimu ya ubongo ya leo, lakini dawa yenyewe bado inatumika sana China kwa waliopatwa na kiharusi.

Huenda baba akaambiwa pia achomwe sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa ndani. Weka kidole kwenye kongomeo, kipandishe polepole kuelekea kidevuni, kitazama kwenye kishimo kidogo: hapo ndipo Lianquan, mahali panapochomwa mara nyingi kwa ulimi mzito. Kuna mahali pengine kwenye mkono karibu na kifundo cha kiganja, kwenye njia ya moyo, na pengine tena kwenye mishipa miwili iliyo chini ya ulimi, ambayo hutobolewa ili itoke damu kidogo. Kisogoni pana mahali paitwapo Yamen, yaani lango la ububu. Hapo sindano ikielekezwa juu na kwenda ndani sana huweza kufika kwenye shina la ubongo, kwa hiyo msimkubalie mtu asiyeweza kuwaonyesha cheti cha mafunzo yake.

Je, inasaidia? Tafiti zilizofanyika China ni nyingi, lakini kubwa na zenye mpangilio madhubuti ni chache, hivyo siwezi kukuahidi zaidi ya kusema kwamba wapo wanaonufaika na kwamba sindano safi, ya kutumika mara moja, mikononi mwa mjuzi, haina hatari kubwa. Isichukue nafasi ya mazoezi ya usemi. Muulizeni daktari wenu kama hospitali ina mtaalamu wa matamshi. Wakati mnasubiri, baba akae wima asubuhi kabla hajachoka, aseme "pa-ta-ka" polepole mbele ya kioo, apumzike, arudie. Na kabla hajanywa dawa yoyote ya mitishamba, pelekeni orodha ya dawa zake za hospitali kwa matabibu wote wawili: mizizi ya danshen na danggui huongeza nguvu ya wafarini, dawa ya hospitali ya kuzuia damu isigande, na damu inaweza kutoka pasipotarajiwa.

SWALI: Ndugu yangu aliyerudi kutoka Guangzhou ametuletea kidonge kilichofungwa kwa karatasi ya dhahabu, anasema mtu akianza tu kuzungumza kama mlevi apewe papo hapo. Mama ana shinikizo la damu. Tukiweke nyumbani? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Kwa maelezo yako, hicho ni Angong Niuhuang Wan, ambacho maelezo yake yaliandikwa na tabibu Wu Jutong mwaka 1798 kwa ajili ya homa kali zinazompotezea mtu fahamu. Zamani kilitiwa pembe ya kifaru, na baada ya China kupiga marufuku biashara hiyo mwaka 1993, pembe ya nyati wa majini ikashika nafasi yake. Kwa kanuni yake ya asili kina zebaki na aseniki, madini yenye sumu.

Msikiweke. Ulimi ulioanza kuteleza ghafla maana yake mara nyingi koo nalo limelegea, na kidonge, chakula au hata maji huweza kuingia mapafuni. Tena kiharusi huweza kuwa ni mshipa ulioziba au uliopasuka, na bila picha ya ubongo hakuna anayeweza kuvitofautisha kwa macho, awe wa Muhimbili au wa Guangzhou. Ikiwa ni kuziba, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Siku hiyo ikifika, mlazeni mama kwa ubavu, msimtoboe ncha za vidole kama wengine wanavyoshauri, tafuteni gari, na mmoja wenu aandike saa ambayo mama alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mapokezi.