Martini ya mezani: jini, vemuti na mbasa wa Kyela

Shemeji yangu wa Kyela akija Mbeya haji mikono mitupu. Safari ile alikuja na mbasa wawili wa Ziwa Nyasa, nami nikataka ajue kwamba naweza kuchanganya martini, kinywaji cha pombe kali iitwayo jini (gin) na mvinyo wa vemuti. Nikamimina jini sehemu sita kwa moja ya vemuti, kama nilivyoona kwenye baa ya hoteli moja Dar. Akapiga funda, akala kipande cha samaki, akanitazama. "Shemeji, huyu samaki mmemtia chumvi kweli?" Ulimi ulishakufa ganzi.

Kinywaji cha kaunta si cha mezani. Ukila nacho, ongeza vemuti. Siku hizi naweka vijiko vitatu vya chakula vya jini (kama ml 45) kwa kimoja cha vemuti, na samaki akiwa mwepesi nashuka hadi viwili kwa kimoja. Ni jini la chupani, msije mkaniitia mganga.

Vemuti ni mvinyo ulioongezewa pombe kali na kutiwa majani na mizizi. Jina lake limetoka kwenye neno la Kijerumani la pakanga, ile ile chungu tunayoisikia ikisomwa kanisani, na uchungu huo kidogo ndio unaokata mafuta ya samaki. Ila mvinyo ni mvinyo, ukishafunguliwa huharibika. Chupa yangu ya kwanza ilikaa juu ya kabati miezi minane, kwa imani yangu kwamba baridi ya Mbeya ni friji tosha. Ikaiva rangi, ikanuka kama tufaha lililoanza kuoza. Sasa inakaa mlangoni mwa friji, jirani na mtindi, na tarehe niliyoifungua nimeiandika kwenye lebo. Mwezi mmoja na nusu ukipita, inayobaki inaenda kwenye sufuria ya kuku. Nunua chupa ndogo, iwe nyeupe isiyo na sukari nyingi. Nyekundu tamu ina kazi yake kwingine.

"Baridi yote hii ya Julai, barafu ya nini?" Kila mgeni huniuliza. Barafu haipoozi tu, inayeyuka, na maji yake ndiyo yanayolainisha ukali. Jaza barafu kwenye jagi la kioo, mimina, koroga taratibu kwa kijiko kirefu nusu dakika hivi mpaka jagi litoke jasho, kisha chuja. Wapo wanaotikisa. Kinywaji kinatoka na ukungu na chembe za barafu. Si dhambi, ila mimi sipendi.

Mwisho ganda la limau, jembamba, bila ule utando mweupe. Likunje juu ya glasi karibu na taa: utaona mafuta yakiruka kama manyunyu, kisha yanatanda juu ya kinywaji.

Mbasa wa kukaanga kwa chumvi tu, dagaa wa Nyasa waliokaukia kikaangoni, viazi vya Uporoto, parachichi la Rungwe: vyote vinaelewana nayo. Pilipili kichaa weka mbali, maana kila funda linaiwasha upya.

Glasi iwe ndogo, tena moja kwa sahani moja. Safari ya pili shemeji alitaka ya tatu halafu ashuke Tukuyu usiku. Nikaficha ufunguo wa gari chini ya bakuli la parachichi. Akalala kwetu, na asubuhi kitu cha kwanza kuulizia kilikuwa kichwa cha mbasa kilichobaki.