Debe la saba

Swali la wiki lilikuwa: "Katika maisha ya Mkristo, nini kitangulie kuliko vyote?" Nimesoma majibu yaliyokwisha kutoka. Mmoja kasema uinjilisti, mwingine familia, na yupo aliyeandika kwamba Mungu hapendezwi na watakatifu maskini, kwa hiyo mtu ajijenge kiuchumi kwanza ndipo atamtumikia Bwana vizuri. Jibu langu ni utauwa, yaani kumcha Mungu. Nami nanunua na kuuza mahindi mkoani Dodoma, huu mwaka wa 22, kwa hiyo huyu wa mwisho nitamjibu kwa lugha ya sokoni.

Nianze na neno lenyewe, maana linatuponza. Utauwa silisikii popote nje ya Biblia yetu ya zamani, ile ya Union. Lina undugu na kutawa, na kwa watu wa pwani mwanamke aliyetawa ni yule anayekaa ndani asionwe na watu. Wakatoliki nao wana watawa wao, masista na mabruda. Ndiyo sababu ukitaja utauwa, wengi wanamwona mtu aliyejitenga: sauti ya chini, gauni refu, hana habari na bei ya gunia. Nami niliamini hivyo miaka mingi, na imani hiyo ilinifaa sana. Utauwa ukishafungiwa kanisani, sokoni unafanya utakavyo.

Nilivyofanya mimi ni hivi. Gunia la mahindi ni debe sita, karibu kilo 100, na sheria ya vipimo hairuhusu lizidi hapo. Sisi tulinunua kwa lumbesa. Kwa asiyeijua: gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linashonewa kilemba cha kiroba juu yake, linaingia debe la saba, na mkulima analipwa gunia moja. Bado debe lenyewe. Letu lilikuwa limegongwa kwa ndani hadi kitako kikatuna. Mpimaji akilijaza analitikisa, analipiga goti, anaongeza, anatikisa tena, mpaka kilima kinasimama juu. Mkulima yuko pale pale anatazama. Afanye nini? Trekta alilikodi kwa mkopo, mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na mnunuzi wa pili ana debe lililotuna vilevile.

Jumapili moja ya Januari 2017, wakati wa matoleo, mchungaji wetu alisoma Luka 6:38: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Mstari huu nimeusikia tangu Sunday School, kila bakuli linapopita. Siku hiyo niliusikia kama maelezo ya kazi ya mpimaji wangu. Kila kitu kilikuwamo: kujaza, kushindilia, kusukasuka. Ila kwa Yesu anayeshindilia ni yule anayetoa. Kwaya ilipoinuka kuimba nilisimama nao, nikafungua mdomo, sauti ya pili haikutoka. Msidhani nililia. Niliudhika tu, kama mtu aliyekamatwa na mgambo wakati wenzake wote wamepita.

Nyumbani nikafungua Amosi, kwa kuwa nilikumbuka kuna habari za nafaka mle. Sura ya 8, wafanyabiashara wa Israeli wanaulizana sabato itakwisha lini wauze ngano, na huku efa, kipimo cha nafaka, wameipunguza, na shekeli, jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, wameiongeza. Nilichokuwa sijakiona siku zote ni kwamba watu hawa ibada hawakukosa. Sabato waliishika. Duka lilifungwa. Walikaa pale wakisubiri "Amina" ya mwisho, roho zikiwa ghalani.

Hapa ndipo ninapotofautiana hata na wale watakaojibu utauwa kama mimi. Wengi wetu tukisema utangulie, tunaanza kuhesabu saa: sala ya alfajiri, mfungo wa siku 21, mkesha wa Ijumaa. Sidharau, mimi mwenyewe nafunga. Lakini mwaka ule wa lumbesa nilikuwa nafunga pia, na siku za kufunga debe halikupungua hata punje. Yesu aliposema "utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake," alikuwa akizungumza na watu wenye mashaka ya chakula na mavazi, yaani watu wa sokoni kama sisi, na akataja haki. Kama "kwanza" maana yake ni saa kumi na moja alfajiri, basi saa mbili asubuhi nimeshamaliza, naweza kwenda kupima.

Mimi naiona hivi. Debe halishindani na mahindi nafasi ya kukaa ghalani. Ni chombo kidogo tu, kiko pembeni. Lakini debe likiwa bovu, hesabu ya ghala zima ni uongo, hata kama daftari limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Utauwa unatangulia kwa namna hiyo. Uinjilisti, familia, biashara, vyote vinapimwa nao.

Paulo alimwandikia Timotheo, aliyekuwa Efeso, mji wa bandari na biashara, kwamba ajizoeze kupata utauwa. Kitenzi cha Kigiriki alichotumia ndicho kilicholeta jina la jimu, huko anakokwenda kijana wangu kila jioni kunyanyua vyuma, kisha anarudi kunililia mabega. Simcheki, Paulo anasema mazoezi ya mwili yanafaa kidogo, na kidogo si sifuri. Ninachojifunza kwa yule mtoto ni kwamba zoezi halina utukufu. Chuma kilekile, mara ileile, kesho tena. Kwangu zoezi ni kipande cha ubao ninachokipitisha juu ya debe ili kilima kianguke. Siku ya msimu napitisha ubao huo mara mia kadhaa, na kila mara mkono unataka kuuinua kidogo.

Katika barua hiyohiyo, sura ya 6, Paulo anawasema watu wanaodhani utauwa ni njia ya kupata faida. Ndugu yetu wa "watakatifu maskini" angeisoma taratibu. Kisha Paulo anageuka na kulichukua lile neno la wachuuzi: "Walakini utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa." Pamoja na kuridhika. Hapo ndipo penye kazi, na mimi sijafika.

Wazee wetu waliyajua haya. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, na daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza, walikaa pamoja kilimani Namirembe, Kampala, wakasoma na kuomba. Miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, ukapita Bukoba, ukatufikia katikati ya Tanganyika. Mama mkwe wangu alilelewa humo. Anasema siku zile hukuambiwa "onyesha karama yako". Uliulizwa umerudisha nini. Watu walirudisha majembe, mabati, fedha za ofisi. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Festo Kivengere, aliyefundisha shule hapa Dodoma kabla ya kuwa askofu Uganda, alipookoka alipanda baiskeli mwendo mrefu kwenda kumwomba msamaha mzungu ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia. Sisemi wazee wale hawakukosea. Baadaye wengine waliigeuza nuru kuwa tochi ya kummulika jirani, nywele zake, viatu vyake. Mama mkwe aliwahi kunyamaziwa mwezi mzima kwa ajili ya hereni. Anacheka akisimulia, ila hereni hakuvaa tena.

Basi nami nikaamua kurudisha. Kazi ikawa kubwa kuliko nilivyodhani, kwa sababu lumbesa haiandikwi daftarini. Ungemtafuta nani, umlipe kiasi gani? Nilianza na mzee mmoja wa kijiji cha jirani ambaye tunasali naye, anakaa benchi la nyuma ya kwaya. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote, debe, goti, kilemba. Hakuacha kuchonga.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nimesimama pale. Nilihesabu magoti."

Nikampa bahasha. Akahesabu polepole, akaniangalia. "Hii bei ya lini?"

"Ya Julai, baba. Tulipopima."

Tulikuwa Februari. Mvua zilikuwa zimechelewa na bei ya debe imekaribia mara mbili. Akanirudishia bahasha bila ukali wowote. "Basi niletee mahindi."

Njiani nilikuwa na hasira, nasema moyoni, huyu mzee hana shukrani. Nilikaribia kufika nyumbani ndipo nikaelewa nilichotaka kufanya: kumwibia mara ya pili, safari hii Biblia ikiwa mkononi. Nikampelekea mahindi yake, nikaongeza debe mbili, nikajiona mtu mkubwa. Zakayo alisema mara nne. Wengine niliowakumbuka walikuwa 11. Waliobaki sikuwapata, na wapo waliokwisha kufa.

Wasomaji mtataka kujua kama nilizidishiwa. Msimu uliofuata nilipata hasara. Mume wangu aliona hesabu akakaa siku mbili hanisemeshi. Ghala la pili nililokuwa nimelikodi niliachia, na mpaka leo sina. Wakulima nao hawakunikimbilia kama nilivyotarajia; wengine walidhani nina hila mpya, maana mnunuzi anayepunguza kilima kwa hiari yake hawajawahi kumwona. Makuli walinipa jina la Mama Ubao, na jina limekaa. Tunakula, watoto wamesoma. Nafikiri hiyo nayo ni hesabu, ingawa ushuhuda wa aina hiyo haushangiliwi sana madhabahuni.

Na msidhani nimepona. Mwaka jana nilinunua mizani, nikaipeleka kwa Wakala wa Vipimo ikakaguliwa na kupigwa muhuri, kwa sababu mkono wangu siuamini. Msimu umeanza tena, lori la kwanza linaingia Jumatatu. Dalali amekwisha kunipigia kuuliza kama bado nina "ule ulokole wangu" au apange magunia kama wanavyopanga wengine. Nimemwambia alete yaliyoshonwa bapa.