Kwa nini simu bado inachemka baada ya kukompaili kwa -O3

Kaka wa Masasi, umeuliza kwa nini programu yako ya video za kilimo cha korosho inachemsha simu na kumaliza chaji wakati FFmpeg (maktaba ya kusoma na kuchezesha video) umeshaikompaili, yaani kuigeuza kuwa msimbo wa mashine, kwa -O3 (agizo la kompaila la kuongeza kasi). Hiyo -O3 inaharakisha kazi ya prosesa kuu tu. Sakiti ya video iliyomo kwenye chipu haiigusi kabisa, ni mpaka uiite mwenyewe kupitia MediaCodec, njia ya Android ya kuifikia sakiti hiyo, ambayo ipo tangu toleo la 4.1. Kompaili upya kwa --enable-jni na --enable-mediacodec, kisha chagua dikoda (kifungua video) ya h264_mediacodec, ya video za H.264. Usisahau kuita av_jni_set_java_vm mapema, inayoipa FFmpeg mashine ya Java ya programu yako; kwenye FFmpeg za zamani (kabla ya 6.0) bila hiyo dikoda haifunguki.

Halafu fremu (kila picha ya video) ipeleke moja kwa moja kwenye Surface, sehemu ya Android inayopokea picha za kuonyesha kwenye skrini. Ukiivuta kwenye kumbukumbu ili prosesa ibadilishe rangi, ni sawa na kupeleka korosho ghalani halafu kuzirudisha shambani kuzipima. Faida yote inaishia njiani, na hapa ndipo naona programu nyingi zinaharibika.

AV1, muundo mpya zaidi wa kubana video, achana nayo kwa sasa. Simu nyingi za bei nafuu hazina sakiti yake, kazi itarudi kwa prosesa. Baki na H.264.