Kasi ya Mpira wa Softiboli: Maswali Yenu

*Rada yangu ilisoma kilomita 85 kwa saa binti yangu aliporusha. Ya kocha ikasoma 90. Nani kakosea? (Mama, Dallas)*

Huenda hakuna aliyekosea, mama. Uliketi wapi? Mawimbi ya rada hugonga mpira na kurudi yamebadilika, na husoma sawasawa pale tu mpira unapoijia moja kwa moja. Ukiketi pembeni kwa nyuzi 10, unapoteza kama asilimia 1.5. Kwa nyuzi 20 zinapotea asilimia 6, na hapo ndipo 90 hugeuka 85. Simama nyuma ya wavu, mdakaji na mrushaji wakiwa mbele yako kwenye mstari mmoja. Halafu usihamehame, la sivyo namba za leo hazitalingana na za wiki jana.

*Sina rada. Saa ya simu inatosha? (Mwalimu wa michezo, Kampala)*

Hapana, mwalimu. Mpira wa kilomita 100 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4. Kidole kikichelewa sekunde 0.1 tu, robo ya hesabu imeharibika. Kamera ya simu hiyohiyo ndiyo itakayokufaa. Rekodi ukiwa pembeni, picha 240 kwa sekunde, kisha hesabu picha tangu mpira utoke mkononi hadi ugonge glavu. Zikiwa 96, hiyo ni sekunde 0.4. Gawanya mita kwa sekunde, zidisha kwa 3.6. Ila usitumie zile mita 13.1 za uwanjani, kutoka kituo cha mrushaji hadi kwa mpigaji: mrushaji hupiga hatua kubwa mbele kabla ya kuachia. Pima kuanzia pale anapoachia. Zikiwa mita 11, jibu ni kilomita 99, nayo ni kasi ya wastani. Mpira ulitoka mkononi ukiwa na kasi zaidi.

*Warushaji wa softiboli wanasifiwa kwa maili 70 kwa saa wakati wa besiboli wanafika 100! (Msomaji, Nairobi)*

Mrushaji wa besiboli husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, wa softiboli mita 13.1 tu. Kwa muda anaopewa mpigaji, maili 70 za softiboli ni sawa na 98 za besiboli. Mwaka 2012 Monica Abbott, mrushaji wa softiboli wa Marekani, alirusha maili 77. Mei 2025 Karlyn Pickens wa Chuo Kikuu cha Tennessee akafikisha 79.4, karibu kilomita 128. Mimi nawavulia kofia.

*Binti wa miaka 11 arushe kasi gani? (Baba, Arusha)*

Sitakupa namba, baba. Mpime mara moja kwa mwezi, akiwa hajachoka, na bega likimuuma usimpime kabisa.