Unga mbadala wa kusawazishia ndani ya boti ya faiba: unafaa wapi na haufai wapi

Ndugu, umeuliza kama unaweza kusawazisha upande wa ndani wa boti yako ya faiba ya mita 6 kwa puti ya gari, puti ya ukutani au poda ya talki iliyochanganywa na resini (gundi ya majimaji inayoganda na kushika nyuzi za faiba), kwa kuwa unga wa vipovu vya kioo, ule mwepesi wa kujazia, ni ghali na haupatikani karibu nawe. Nimekarabati boti za uvuvi na za abiria hapa Tanga kwa miaka mingi, na karibu kila kitu ulichokitaja nimekitumia au nimekibandua baada ya wengine kukitumia. Unga mbadala upo na unafaa, lakini kabla ya kuangalia bei yake angalia kwanza maji husimama wapi ndani ya chombo chako, kisha ujue faiba yako imejengwa kwa resini gani.

Wenye boti wengi huwekea mkazo upande wa nje, ilhali ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, chini ya sakafu, ndiyo inayokaa na maji muda wote: ya mvua, ya kuoshea samaki, tena yaliyochanganyika na mafuta ya injini. Puti ya gari ni poliesta (aina ya resini) iliyoshindiliwa talki, nayo hunyonya unyevu polepole. Nimeibandua kwenye ngama kwa ncha ya bisibisi tu, ikatoka vipande vizima, upande wa nyuma umelowa chepechepe na juu rangi bado inang'aa. Kwa hiyo chini ya sakafu usijaze chochote. Piga msasa, safisha, paka resini tupu hadi nyuzi zote zifunikwe, kisha rangi. Ngama yenye mawimbi ya kitambaa cha faiba haimdhuru mtu, mradi ioshike.

Puti ya ukutani iache kabisa, kwa sababu ile ya jipsamu hulainika ikilowa. Saruji nayo ina ualkali unaoshambulia poliesta. Kuna aliyekushauri deheni, yaani chokaa na shahamu kama wazee wetu walivyopaka chini ya madau na majahazi. Ninaiheshimu sana deheni, lakini hiyo ni kinga ya mbao inayopakwa upya kila baada ya muda, na hakuna rangi itakayoshika juu ya shahamu.

Kwenye mbavu, yaani kuta za ndani za boti juu ya sakafu, ndipo talki inapofaa, nami ningekushauri uichanganye na epoksi, resini ya aina nyingine, badala ya poliesta. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta ya zamani iliyopigwa msasa, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo ukishaanza na epoksi usirudi nyuma, na rangi ya mwisho iwe ile ya poliyurethani ya kuchanganya na hadina (dawa ya kugandisha), si jeli koti (tabaka la nje la poliesta lenye rangi). Nunua talki ya viwandani. Poda za watoto zina manukato, na nyingi siku hizi ni wanga wa mahindi, ambao ni chakula cha ukungu. Vumbi laini la mbao kavu nalo ni zuri ndani ya epoksi kwa kuziba pembe za mataruma (mihimili ya kukatiza ndani ya boti) na ubao wa injini, ila likikauka ni gumu, na kulipiga msasa kwenye eneo pana kutakuchosha bure. Chengachenga za godoro jeupe la kufungashia vyombo usizitie kwenye poliesta, kwa kuwa stairini, kiyeyushi kilichomo ndani ya poliesta, huziyeyusha.

Uzito ndio unaosahauliwa. Mita 10 za mraba kwa unene wa milimita 3 ni lita 30 za mchanganyiko. Kwa puti ya kawaida ya gari, ambayo lita moja hukaribia kilo 1.8, umeongeza kama kilo 54 ndani ya boti ndogo, wakati epoksi yenye vipovu vya kioo ingekuwa karibu kilo 21. Talki ni nzito pia, hivyo itumie kwa tabaka jembamba la kufuta alama za kitambaa tu, na ukipata vipovu vya kioo japo kidogo, viweke penye mabonde.

Changanya epoksi na hadina yake kwanza kwa kipimo cha mtengenezaji, ndipo utie unga kidogo kidogo hadi mchanganyiko ukae kwenye mwiko bila kudondoka. Usizidishe hadina ili kuharakisha, maana epoksi haikazwi kwa namna hiyo, hubaki laini. Kwa joto letu changanya kidogo na uumimine kwenye sinia pana, kwa sababu ukiachwa kwenye kopo hujipasha wenyewe na kuganda mikononi mwako. Siku ya pili osha uso kwa maji na sponji kabla ya msasa, kwani wakati wa unyevunyevu epoksi huacha utelezi wa nta ambao msasa huusambaza tu, na rangi huja kubanduka hapo. Anza na msasa wa namba 80 uliofungwa kwenye ubao mrefu unaopinda, ukichora mistari ya penseli ukutani ili uone mabonde yanapobaki. Vaa barakoa ya kweli ya vumbi. Kitambaa cha puani hakizuii vumbi la kioo.

Angalia pia matundu ya kupitishia maji kwenye mataruma, kwa sababu unga huingia humo na kuyaziba bila kuonekana. Kabla ya praima, mimina ndoo ya maji upande wa omo (mbele ya boti) na uyafuate hadi tezi (nyuma). Yakisimama nyuma ya taruma lolote, zibua tundu lake kwa keekee, paka resini kingo zake, kisha ndipo upake rangi.