Maswali yenu: Mshahara mdogo, mwezi mrefu

Mshahara wangu unaisha kabla mwezi haujafika katikati. Nipange nini wakati hela yenyewe haipo?

Inapita mikononi mwako, ila huioni ikiondoka. Wiki mbili za kwanza usibane kitu. Chukua daftari dogo, chora safu tatu: tarehe, kitu, kiasi. Andika palepale unapolipa, maana ukingoja usiku vidogovidogo vimeshasahaulika. Nilipoanza kazi niliamini simu ndiyo inanimaliza. Daftari likanionyesha kingine: usafiri wa haraka wa asubuhi, mara tisa ndani ya siku 14, na zote nilikuwa nimechelewa kuamka. Niliweka kengele ilie dakika 20 mapema, basi.

Ukishajua zinakokwenda, mshahara ukiingia toa kodi ya nyumba na nauli ya mwezi mzima siku hiyohiyo. Kinachobaki kigawe kwa wiki, na usiguse fungu la wiki ijayo. Ukipungukiwa, utapungukiwa siku mbili mwishoni mwa wiki, si siku 15 mfululizo. Unayelipwa kwa wiki, tenga robo ya kodi kila wiki: mwaka una wiki 52, kodi ya miezi 12 inakamilika kwa wiki 48. Hizo nne zilizobaki ziende akiba.

Nimesikia kanuni ya 50, 30, 20: asilimia 50 ya kipato kwa mahitaji, 30 kwa unavyopenda, 20 kwa akiba. Mimi kodi na chakula tu vinafika 80. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Kanuni hiyo inataka mahitaji yaishie kwenye nusu ya kipato, na kwa mwenye kipato kidogo hayaishii hapo. Anza na akiba ya 5%. Baada ya miezi 20 utakuwa na mshahara mmoja kamili pembeni. Iweke siku ya mshahara, mahali tofauti na pale unapotolea hela za kila siku.

Nina mkopo wa riba ya 10% kwa mwezi. Nilipe kwanza au niweke akiba?

Swali hili linanigusa kuliko yote, kwa sababu vijana wengi husikia "asilimia kumi" wakaiona ndogo. Riba hiyo ikilimbikizwa juu ya deni lisilolipwa, 100 inakuwa takriban 314 baada ya miezi 12. Hakuna akaunti ya akiba iliyo salama itakayokulipa hivyo, kwa hiyo deni ndilo la kukimbilia.

Ila usilipe mpaka ukabaki mtupu. Weka kwanza matumizi ya wiki mbili, ili ukiugua usirudi kwa mkopeshaji yuleyule. Kisha muulize, akujibu kwa maandishi: riba inahesabiwa juu ya salio linalopungua, au juu ya mkopo wa awali hadi mwisho? Kama ni salio, kila unachoongeza leo kinapunguza riba ya kesho. Kama ni mkopo wa awali, uliza ukimaliza mapema utapunguziwa kiasi gani kabla hujatoa hela ya ziada. Na usichukue mkopo mwingine kulipia huu, labda kama riba yake ni ndogo kweli na umeiona kwenye karatasi.

Nafanya vibarua, leo ipo kesho haipo. Bajeti inanihusu?

Inakuhusu zaidi. Angalia miezi sita iliyopita, chukua ule uliopata kidogo kuliko yote, ndio uwe mshahara wako. Mwezi mzuri ukija, ziada ikae ikingoja mwezi mbaya.

Nikilipwa tu, ndugu wanapiga simu. Nitawakataaje?

Usiwakatae, wape kifungu chao kwenye bajeti, hata kama ni kidogo. Kikiisha, sema ukweli: "Mwezi huu nimefika mwisho, nitakuangalia mwezi ujao." Inauma mara ya kwanza, najua. Lakini mzazi akiugua, usimhesabu kwenye kifungu hicho. Hiyo ndiyo dharura yenyewe: toa kwenye akiba, na mshahara unaofuata uanze kuijaza tena.