Kabla kijana hajahama chuo kwa sababu ya dakika, mtazameni kocha anakokwenda

Dada, umeuliza hivi: kijana wako ana miaka 20, futi 6 na inchi 8, yuko mwaka wa pili kwenye chuo cha Divisheni ya Kwanza (ngazi ya juu ya michezo ya vyuo) huko Marekani, anacheza mpira wa kikapu dakika tisa kwa mechi, na msimu ukiisha anataka kuweka jina lake kwenye potali ya uhamisho, ile orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Baba yake anasema avumilie, mjomba wake anasema ahame. Ukaomba aliyepita njia hiyo akuambie ukweli. Mimi nimepita. Nilihama mara moja, nikahama vibaya, na ilinichukua miaka kuelewa kosa lilikuwa wapi. Nitaandika kirefu kwa sababu jambo lenyewe si la mistari mitatu.

Nianze na hizo dakika tisa, maana naona ndizo zinazowaumiza. Zach Edey wa chuo cha Purdue, yule wa futi 7 na inchi 4, mwaka wake wa kwanza alicheza chini ya dakika 15 kwa mechi, na wa pili 19. Mbele yake alikuwepo Trevion Williams, na kocha Matt Painter alikuwa akiwapokezanisha. Mwaka 2023 na 2024 Edey akatangazwa mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani, mara mbili mfululizo, akiwa chuo kilekile. Angehesabu dakika tu, angeondoka mapema. Lakini angalia dakika zile zilikuwa na nini ndani yake: kila alipoingia, mpira ulipelekwa kwake chini ya ringi, akakosea, akarudia, akafaulu. Alikuwa anajifunza kazi ileile ambayo angekuja kuifanya kwa dakika 30.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwanao liwe: katika zile tisa, unafanya nini? Na katika saa mbili za mazoezi, nani anakushika mkono?

Sasa ya kwangu. Niliondoka Dar mwaka 2012, nimekulia kwenye viwanja vya saruji, najua kuruka na kukimbia na si zaidi sana. Chuo changu cha kwanza kilikuwa Divisheni ya Pili. Kocha alikuwa muumini wa ule ulinzi ambao kocha Dick Bennett aliubuni na mwanawe Tony akautumia chuo cha Virginia mpaka akachukua ubingwa mwaka 2019. Unachora mstari wa kufikirika kama mita tano kutoka kwenye ringi. Anayemkaba mwenye mpira anatoka nje ya mstari, wengine wanne wanabaki ndani, tayari kuziba njia. Ukisimama hatua moja vibaya, mlango umefunguka. Tulipokuwa na mpira tulicheza polepole, tukitumia karibu sekunde zote 35 za wakati ule (sasa ni 30). Kazi yangu ilikuwa kuweka skrini (kusimama kama ukuta ili mlinzi asimfuate mwenzangu), kugeuka, kupokea, kutoa pasi kabla miguu haijatulia.

Kocha msaidizi alinibakisha karibu kila siku baada ya mazoezi kwa dakika 40. Miguu tu. Kuteleza kushoto, kuteleza kulia, kutoka kumfuata gadi (mchezaji mwepesi anayeuongoza mpira) aliyetumia skrini, kurudi kwa mtu wangu bila kuugeuzia mpira mgongo. Mpira wenyewe hatukuugusa. Nilichukia. Mwaka wa pili nilikuwa na dakika 11 na pointi nne kwa mechi, na wenzangu wa nyumbani walikuwa wanauliza kwenye Facebook, "Kaka mbona hatukuoni kwenye takwimu?" Maneno hayo yaliniingia kuliko maneno ya kocha.

Akatokea kocha wa chuo kingine, jimbo jingine. Timu yake ilikimbia: presha uwanja mzima, wachezaji wanabadilishwa watano kwa watano, mtupo unatoka ndani ya sekunde kumi za kwanza. Aliniambia ningecheza dakika 25. Enzi hizo hakukuwa na potali, ilibidi kocha wako akupe ruhusa ya maandishi ndipo wengine waruhusiwe kuzungumza nawe. Wangu alitoa barua bila kinyongo. Aliniuliza jambo moja tu, kule wananiandaa niwe mchezaji wa aina gani. Sikuwa na jibu, nikasema nataka kucheza.

Nilicheza kweli. Dakika 27, pointi 15. Mama alikuwa akiwaonyesha majirani simu yake. Lakini katika miaka miwili ile hakuna siku hata moja niliyofundishwa kumkaba mtu akitumia skrini, kwa sababu mfumo wenyewe haukumpa mpinzani muda wa kuweka skrini. Nilikimbia, nikapokea mbele ya ringi, nikafunga, nikarudi. Nilimaliza chuo nikiwa na takwimu nzuri na mchezo uleule niliokuja nao.

Baadaye nikapata majaribio kwenye klabu moja ya daraja la chini Ulaya. Siku ya pili waliuona udhaifu wangu. Kila shambulizi wakawa wananileta kwenye skrini, gadi ananivuta nje, nabaki katikati simkabi yeye wala mtu wangu. Siku ya nne nikapewa tiketi ya kurudi. Kocha wa kule aliniambia kwa upole kwamba nachelewa kutoa pasi na miguu yangu haijui iende wapi. Dada, yalikuwa mambo yaleyale ya zile dakika 40. Nilikuwa nimeacha somo katikati, nimekwenda mahali ambapo somo hilo halifundishwi.

Nisieleweke kwamba mfumo wa kukimbia ni mbaya. Kwenye timu ileile alikuwepo gadi mmoja mfupi ambaye kule kulimjenga hasa. Yeye ndiye aliyeubeba mpira, kwa hiyo kila sekunde alikuwa anaamua: nitoe, nishuti, niingie? Alipofika ngazi ya juu mambo yakaonekana kwake polepole. Mfumo mmoja, watu wawili, mmoja akakua na mwingine akasimama. Tofauti ilikuwa kazi ambayo kila mmoja wetu alipewa ndani yake.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi. Alianza chuo cha West Virginia kwa kocha Bob Huggins mwaka 2019. Mwaka wa kwanza alikuwa vizuri, pointi 11 na rebaundi 9 (mipira anayoidaka mtupo ukikosa). Lakini Huggins aliwachezesha watu wawili wakubwa kwa pamoja, yeye na Derek Culver, wote kazi yao iko chini ya ringi. Watu wakubwa wawili maana yake walinzi wakubwa wawili nao wako palepale. Hakuna pa kugeukia. Mwaka wa pili namba zikashuka, akaondoka katikati ya msimu, Januari 2021 akawa chuo cha Kentucky. Hakucheza mpaka msimu uliofuata, akawa anafanya mazoezi tu.

Mwaka 2021-22 kocha wa Kentucky, John Calipari, akamweka peke yake chini ya ringi. Sahvir Wheeler, aliyehama kutoka Georgia, alikuwa anasukuma mpira kwa kasi na kutoa pasi. Kellan Grady, aliyehama kutoka Davidson, alikuwa anakaa nje kwenye mstari wa pointi tatu, na huwezi kumwacha. Uwanja ukafunguka. Tshiebwe akamaliza msimu na wastani wa pointi 17.4 na rebaundi 15.1, akawa mchezaji bora wa mwaka nchini. Mwili na moyo vilikuwa vilevile vya West Virginia. Kilichobadilika ni nafasi aliyoachiwa.

Sasa nusu ya pili ya hadithi, ambayo washangiliaji wa uhamisho hawaisemi. Mwaka 2023 Tshiebwe hakuchaguliwa kwenye drafti, yaani siku timu za NBA, ligi kuu ya kulipwa, zinapochagua wachezaji wapya. Ilibidi aingie kwa mlango mdogo, kwa mkataba wa nusu NBA nusu ligi ndogo. Maskauti waliuliza: akivutwa mbali na ringi na gadi mwepesi, atafanyaje? Kentucky ilimpa kila kitu ili afanye lile analoliweza. Lile asiloliweza likabaki kumsubiri. Watanzania tunalijua hili kwa Hasheem Thabeet. Alikaa miaka mitatu UConn (chuo cha Connecticut) kwa kocha Jim Calhoun bila kuhama, magadi wakiwabana watu kwa ujasiri kwa sababu yeye yuko nyuma anafuta makosa, bloku (mitupo aliyoizuia) zaidi ya nne kwa mechi mwaka wa mwisho. Akachaguliwa wa pili mwaka 2009, na heshima hiyo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini Memphis, timu ya NBA iliyomchagua, walihitaji na kazi nyingine, na msimu wake wa kwanza walimpeleka kwa muda kwenye ligi ndogo. Yaani kukaa nako hakukupi kila kitu. Mfumo unakujenga pale unapokutumia, basi.

Na kuna wanaohama wakapungua kwa namba lakini wakakua. Tristen Newton alikuwa na pointi 17.7 kwa mechi East Carolina. Alipohamia UConn kwa Dan Hurley akashuka hadi 10, kwa sababu shambulizi la Hurley limejaa skrini na mizunguko, na mtu mmoja hawezi kuukalia mpira. Akajifunza kucheza bila mpira. Wakachukua ubingwa 2023, wakarudia 2024, na mara ya pili yeye ndiye mchezaji bora wa fainali. Mjomba wa kijana angemwambia nini ule mwaka alioshuka hadi pointi 10?

Kwa hiyo nikiwa wewe, kabla ya ndiyo au hapana, ningekaa na kijana nikatazama mechi. Si vipande vya dakika mbili ambavyo kocha mpya atamtumia, mechi nzima, tatu za msimu uliopita. Mfuate mchezaji mmoja tu, mwenye umbo kama lake. Anapokea mpira wapi? Akipokea anaruhusiwa kuamua, au anaurudisha tu? Wapinzani wakiweka skrini anatoka, anabaki, au kocha anamtoa uwanjani? Halafu tafuta wachezaji wa umbo hilo waliopita kwa kocha huyo miaka minne nyuma, uone kila mmoja aliingia akiweza nini na alitoka akiweza nini. Hapo hakuna wa kukudanganya.

Kisha fanyeni hivyohivyo kwa kocha wa sasa. Inawezekana kabisa mkakuta kwamba hana mpango naye. Kuna makocha wanaomchukua kijana mrefu wa Afrika ili awe mwili wa mazoezini, wamgongee watu wao. Ikiwa miaka miwili imepita na hakuna jambo jipya analoweza kukuonyesha, ahame, na asiwe na aibu. Dalton Knecht alipita chuo cha miaka miwili huko Colorado, akaenda Northern Colorado, akamalizia Tennessee, na mwaka 2024 Lakers wa NBA wakamchagua wa 17. Kila alipohama alikuta kazi kubwa kuliko aliyoiacha.

Mlango wenyewe uko wazi kuliko enzi zetu. Potali ilianza Oktoba 2018, mwaka 2021 wakaruhusu kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na 2024 wakaondoa kikomo ilimradi masomo yako sawa. Uzuri huo una upande wake: makocha nao hununua wachezaji upya kila msimu. Nafasi aliyoahidiwa Aprili inaweza kuwa na mtu mwingine Mei, mwenye umri wa miaka 23 na misimu mitatu mgongoni. Mwanao amuulize kocha mpya waziwazi kwamba nafasi hiyo analeta nani mwingine.

Hapo kwenye "masomo yako sawa" ndipo wengi wa kwetu wanapokwama. Divisheni ya Kwanza inataka mwishoni mwa mwaka wa pili uwe umemaliza asilimia 40 ya shahada yako, wa tatu 60, wa nne 80. Hesabu hiyo inafanywa kwa shahada ya chuo unachokwenda. Mimi nilihama na krediti (alama za masomo yaliyokamilika) 58, wakanipokelea 43. Kwa hiyo apate tathmini ya krediti kwa maandishi kabla ya kusaini chochote. Na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ihusishwe mapema, maana rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) lazima ihamishwe na I-20 mpya, hati ya chuo inayoendana na viza yake, itoke. Kocha atakwambia hayo ni madogo. Kwa mwenye pasipoti ya Marekani, ndiyo.

Pesa nazo zitatajwa. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Lakini viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, ina masharti yake ya kazi, na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikiruhusu haimaanishi uhamiaji wameruhusu. Tshiebwe mwenyewe, akiwa nyota wa nchi nzima, matangazo yake mengi aliyafanya Bahamas timu ilipokwenda huko Agosti 2022, kwa kuwa ilikuwa nje ya ardhi ya Marekani. Akiahidiwa kiasi chochote, amwone mwanasheria wa uhamiaji, si rafiki wa kocha.

Jumapili akipiga simu, usimuulize kama anataka kuhama, hilo ameshakuambia. Muulize mambo mawili ambayo Septemba alikuwa hayawezi na sasa anayaweza, na nani alimfundisha. Ukipata jibu liandike hapa, pamoja na aina ya ulinzi wanaoucheza kwenye mazoezi, tulitazame kwa pamoja kabla dirisha la uhamisho halijafunguliwa.